Kitunguu cha porini au sumu? Namna ya kuitambua mimea inayofanana na vitunguu kando ya Ziwa Mweru

Kila mwaka, tangu tarehe mosi Desemba hadi mwishoni mwa Februari, uvuvi husimamishwa katika Ziwa Mweru upande wa Zambia ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Miezi hiyo ni ya mvua, na ndiyo pia miezi ambamo akiba ya mavuno ya mwaka uliotangulia hupungua katika nyumba nyingi za Mkoa wa Luapula. Samaki wanapokuwa haba, na fedha za samaki zinapokosekana, watu wa Nchelenge hugeukia kile ambacho ardhi hukitoa bila kupandwa: uyoga, majani ya porini, matunda, na vitu vinavyochimbwa kwa jembe au kwa kijiti.

Ni katika majira hayohayo ambapo mimea yenye matunguu huamka. Kiangazi chote, kuanzia Mei hadi Oktoba, hulala chini ya udongo mkavu bila jani hata moja, ikiishi kwa chakula na maji iliyojiwekea tumboni. Mvua ya kwanza ikinyesha, huchipua kwa haraka ya kustaajabisha. Mtu anayepita kwenye shamba lililopumzishwa, kwenye ukingo wa mbuga ya majimaji, au hata kwenye uwanja wa shule, huona majani membamba ya kijani kibichi mahali ambapo juma lililopita hapakuwa na kitu. Aking'oa, hukuta tunguu jeupe lenye maganda. Aghalabu hulipa jina papo hapo: kitunguu mwitu.

Miongoni mwa mimea hiyo imo inayohusiana na kitunguu saumu, ambayo majani yake yanaweza kuingia kwenye mchuzi. Imo pia ambayo kipande kidogo cha tunguu lake kinaweza kuuvuruga mwendo wa moyo, na mingine ambayo humwacha mtu akidhani amepona, kisha humrudia siku ya tatu. Makala haya yanaeleza namna ya kuitofautisha, na kwa nini jambo hili linawahusu hasa wasomaji wetu waliovuka ziwa na mpaka kutoka Tanganyika na Katanga ya Juu tangu mwaka 2017, wengi wao wakiishi sasa katika makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yaliyofunguliwa mwaka 2018.

Jina moja, mimea mingi

Lugha yetu ina mazoea ya kuongeza neno moja kwenye jina la kitu kinachojulikana ili kupata jina la kile kisichojulikana. Mchicha pori, mgomba mwitu, kitunguu mwitu. Mazoea hayo yanafaa kwa mazungumzo, lakini hayafai kwa chungu. Neno “mwitu” halisemi kwamba mmea huu ni ndugu wa ule wa bustanini. Linasema tu kwamba aliyeuona kwa mara ya kwanza alikumbuka kitu fulani.

Sisi tunaofanya kazi ya kutafsiri habari tunaukuta mtego huu mara kwa mara. Siku moja iliwekwa mezani pangu habari ya Kiingereza iliyowahimiza wasomaji wachume “kitunguu saumu cha porini” kwa ajili ya supu. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi. Ningeyamaliza kwa dakika mbili. Lakini mwandishi huyo, aliyekuwa Uingereza, alikuwa akizungumzia mmea wa misitu ya Ulaya wenye majani mapana, ambao wataalamu huuita Allium ursinum. Mwandishi wa Afrika Kusini akiyatumia maneno yaleyale ya Kiingereza huwa anamaanisha mmea mwingine kabisa, wa jenasi ya Tulbaghia. Na Mmarekani huwa anayaona magugu membamba yanayochipua katikati ya nyasi za uani kwake, yaani Allium vineale. Kama ningetafsiri neno kwa neno, msomaji wa Luapula angesoma sifa za mmea usioota kwake. Angeutafuta, na hapana shaka angeupata, kwa kuwa mtu anayetafuta kitunguu porini hakosi kuona kitu kinachofanana nacho.

Habari ile hatukuichapisha. Badala yake tuliona inafaa kueleza kile kinachoota hapa.

Vitunguu vya kweli si wenyeji wa hapa

Kitunguu maji, kitunguu saumu na liki vyote ni vya jenasi ya Allium. Jenasi hiyo ina spishi zaidi ya 800, na karibu zote asili yake ni nusu ya kaskazini ya dunia: Asia ya Kati, nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Vitunguu tunavyokaangia chisense na nyanya vilifika kusini mwa Ikweta kwa mikono ya watu, na huishi hapa kwa kutunzwa. Kwa hiyo ukikuta kitunguu halisi shambani kando ya Mweru, uwezekano mkubwa ni kwamba mahali hapo palikuwa na bustani, na mmea huo ni masalio yake. Majani yake yatakuwa ya mviringo na yenye uwazi ndani kama mrija, ikiwa ni kitunguu maji, au bapa na yenye mkunjo katikati, ikiwa ni kitunguu saumu. Na kwa vyovyote vile harufu itakujulisha.

Jamaa wa karibu aliye mwenyeji wa upande huu wa Afrika ni Tulbaghia. Jina hilo alilitoa mwanasayansi Linnaeus katika karne ya 18 kwa heshima ya Ryk Tulbagh, gavana wa Kiholanzi wa Rasi ya Tumaini Jema. Spishi nyingi za jenasi hii ziko Afrika Kusini, lakini chache zimeenea kaskazini hadi Zambia na Tanzania. Ni mimea midogo ya nyikani. Majani yake ni membamba kama utepe, hutoka yote chini kwa pamoja, na hayana uwazi ndani. Maua huchomoza kileleni mwa bua moja lisilo na majani, yakiwa yamekusanyika kama vijiti vya mwavuli, na katikati ya kila ua mna kipete au kikombe kidogo kinachotokeza. Kipete hicho ni alama nzuri sana ya kuukumbuka mmea huu. Chini ya ardhi hakuna tunguu nono lenye maganda mengi kama ulivyozoea. Kuna shina nene, fupi, lenye mizizi minene. Ukiliponda jani, hutoa harufu ya kitunguu saumu isiyo na shaka, wakati mwingine kali kuliko ya kitunguu saumu chenyewe.

Huko kusini, watu hutumia majani na maua ya baadhi ya spishi hizi kama kiungo na kama dawa ya kienyeji ya mafua na kifua. Hata hivyo, si chakula cha kujaza sahani. Ukila kwa wingi, tumbo huwaka na kusokota. Mmea huu ni wa kuonja harufu yake katika mchuzi, kama vile mtu atiavyo pilipili.

Harufu na mipaka yake

Ushauri unaorudiwa kila mahali ni mmoja: ponda jani, unuse, likinuka kitunguu, ni kitunguu. Ushauri huo una msingi. Kitunguu saumu kizima, kabla ya kukatwa, hakina harufu kubwa. Kisu au jino likishazipasua seli zake, kimeng’enya hukutana na kiambato chenye salfa na kwa muda mfupi huzalisha kitu kipya, ambacho ndicho kinachotuwasha machoni na kubaki vidoleni. Tulbaghia nayo ina mfumo unaokaribiana na huo. Matunguu yenye sumu tutakayoyataja hapa chini hayana mfumo huo, na hayatoi harufu hiyo.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, ushauri wa “nusa tu” ni nusu ya ukweli, na nusu iliyosalia ndiyo inayoua.

Kwanza, harufu hukaa mikononi. Mtu akishaponda mmea mmoja wenye harufu, kila atakachokishika baada ya hapo kitanuka vilevile. Ajali nyingi za wachumaji hutokea hivi: wa kwanza ulinuswa kwa uangalifu, wa pili kwa haraka, na ishirini iliyofuata iling’olewa kwa mkupuo na kutiwa kapuni. Mimea ya porini huota imechanganyikana. Mmoja wa kuliwa na mmoja wa sumu yaweza kuwa umbali wa kiganja. Kila mmea hunuswa peke yake, kwa vidole vilivyosuguliwa kwa udongo na kuoshwa, na mwenye mafua siku hiyo asiwe ndiye mnusaji.

Pili, kitunguu hakina hakimiliki ya harufu yake. Katika misitu ya mvua ya Kongo kuna mti mkubwa, Scorodophloeus zenkeri, ambao magome yake hunuka kitunguu saumu na hutumika kama kiungo. Huo hauna madhara na unajulikana na wengi wa wasomaji wetu waliozaliwa kaskazini zaidi. Lakini vidonge vya kuhifadhia nafaka ghalani, pamoja na baadhi ya sumu za panya, navyo hutoa gesi inayofanana na harufu ya kitunguu saumu. Ukisikia harufu hiyo karibu na ghala au kwenye udongo uliomwagiwa kitu, usiifuate ili kuona kinachoota, ondoka hapo.

Tatu, na hili ndilo la kushika: kukosekana kwa harufu ni hukumu, lakini kuwapo kwake si ruhusa. Mmea usionuka kitunguu uache, bila rufaa. Mmea unaonuka kitunguu bado unahitaji kufanana kwa jani, kwa ua na kwa kile kilicho ardhini, na kuthibitishwa na mtu anayeujua.

Wanaofanana navyo

Wa kwanza katika orodha ya hatari ni Gloriosa superba, ua maridadi lenye petali nyekundu na manjano zilizopinda kuelekea juu kama ndimi za moto. Zimbabwe imelifanya kuwa ua lake la taifa, na nchini Zambia huota katika misitu ya miombo, kingo za mashamba na vichaka vya karibu na ziwa. Likiwa limechanua, hakuna atakayelichanganya na kitunguu. Tatizo ni majuma ya kwanza ya mvua, kabla halijatoa ua, wakati linapokuwa chipukizi jororo lenye majani yaliyochongoka. Tazama ncha ya jani: ikiwa imerefuka na kujisokota kama mkia wa kinyonga ili kushika matawi jirani, umepata jibu. Ukichimba, utakuta kiazi kilichogawanyika mara mbili kama herufi V au kiwiko cha mkono, chenye nyama nyeupe. Katika nchi kadhaa watu wamekila wakikidhani ni kiazi kikuu au kiazi kitamu. Ndani yake mna kolkisini, sumu inayozizuia seli za mwili zisigawanyike.

Wa pili ni matunguu ya jenasi ya Drimia, na huyu ndiye mlaghai hasa, kwa sababu tunguu lake ni kitunguu kwa kila kipimo cha jicho: la duara, jeupe au la wekundu, lenye maganda yanayobanduka moja baada ya jingine, na kubwa kiasi cha kumfurahisha mwenye njaa. Lakini haliwashi macho linapokatwa. Linawasha ngozi. Utomvu wake una vioo vidogo visivyoonekana vinavyochoma kama upupu, na mwenye kulimenya huanza kujikuna kabla hajafika jikoni. Alama nyingine ni bua la maua, refu na jembamba, linalochomoza mara nyingi kabla ya majani, likiwa limejaa maua madogo meupe au ya kijivujivu tangu katikati hadi kileleni. Maua hayo hayakusanyiki kama mwavuli. Sumu yake ni ya kundi la glikosidi za moyo. Jamaa yake wa nchi za Bahari ya Kati alitumika kwa karne nyingi kama dawa ya moyo na, kwa kipimo kikubwa zaidi, kama sumu ya panya. Kusini mwa Afrika mimea ya kundi hili huua ng’ombe na mbuzi wanaoyala majani ya mwanzo wa msimu, kwa hiyo mtu asiseme “mbuzi amekula, nami nitakula”.

Boophone disticha ni rahisi kuitambua ukishaiona mara moja. Tunguu lake kubwa hujitokeza nusu juu ya ardhi, limevishwa tabaka kwa tabaka za maganda makavu kama karatasi kuukuu, na majani yake ya kijani cha kijivu yamepangwa pande mbili kama upepeo uliofunguliwa. Wawindaji wa kusini mwa Afrika walitia utomvu wake kwenye mishale. Anayekula tunguu hilo hutapika, huona kizunguzungu, na huweza kuona mambo yasiyokuwapo.

Kisha kuna kundi la yungiyungi. Scadoxus multiflorus hutoa mwanzoni mwa mvua ua moja kubwa la duara, jekundu, lenye mamia ya nyuzi, mfano wa mpira uliochomekwa juu ya kijiti. Crinum hupenda mbuga za majimaji na kingo za mito inayoingia ziwani. Maua yake makubwa kama tarumbeta ni meupe yenye michirizi ya waridi. Matunguu ya mimea yote miwili yanafanana na vitunguu vikubwa, hayana harufu ya kitunguu, na yana alkaloidi zinazoleta matapishi makali.

Kwenye nyasi zinazofyekwa, kama zile za maofisi, shule na vituo vya afya, hali ni nyingine. Huko mara nyingi utakachokikuta ni ndago, adui wa kila mkulima. Majani yake yanaweza kudanganya kwa mbali, lakini bua lake lina pembe tatu. Lizungushe kati ya vidole utazihisi. Vijinundu vyake vyeusi ardhini si vitunguu, na havina sumu ya kuogopwa. Anayestahili kuogopwa kwenye nyasi hizo ni Zephyranthes, ua dogo jeupe au la waridi lililoletwa kutoka Amerika kwa ajili ya mapambo, ambalo huchanua ghafla siku chache baada ya mvua kubwa. Kabla ya kuchanua, majani yake yanafanana kabisa na majani ya vitunguu vichanga, na vitunguu vyake vidogo ni vya ukubwa ambao mtoto hupenda kuchezea na kutafuna. Mzazi anayeishi karibu na bustani ya aina hiyo ana sababu ya kuyaponda majani mwenyewe na kuyanusa kabla mtoto hajafanya hivyo kwa meno.

Somo la mihogo halifai hapa

Luapula ni nchi ya mihogo. Kila mpishi wa huku anajua kwamba muhogo mchungu una sumu, na anajua pia dawa yake: kuumenya, kuuloweka siku kadhaa hadi ulainike, kuuanika na kuusaga. Ujuzi huo umezilisha familia kwa vizazi, pande zote mbili za ziwa. Ndiyo maana ni vigumu kumshawishi mtu mzima kwamba kuna sumu isiyoondoka kwa maji na moto.

Tofauti iko katika sumu yenyewe. Sianidi ya muhogo hufunguka mizizi inapolowekwa na kuvunjwavunjwa, kisha huchukuliwa na maji au huruka hewani. Kolkisini haitoki hivyo. Inastahimili joto la chungu na hubaki katika mchuzi. Glikosidi za Drimia nazo hazitegemewi kuisha kwa kuchemshwa. Wala hakuna kipimo cha nyumbani kinachozionyesha: sarafu isiyobadilika rangi, chungu wanaokula ganda, au ladha isiyo chungu, vyote havithibitishi lolote.

Kuna ujuzi mwingine wa wenyeji ulio na thamani zaidi kwa jambo hili. Kina mama wa mikoa ya kaskazini mwa Zambia huchimba viazi vidogo vya okidi za porini, wakavitwanga na kuvipika pamoja na unga wa karanga hadi vigande, chakula kinachoitwa chikanda. Mahitaji yake yamekuwa makubwa hata wafanyabiashara wakavuka mpaka kuvitafuta katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, na uchimbaji huo ulikuwa miongoni mwa sababu za kuanzishwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005. Viazi vya chikanda si vitunguu. Havina maganda, na kwa kawaida huwa viwili, kimoja kigumu cha mwaka huu na kingine kilichosinyaa cha mwaka jana. Ninavitaja kwa sababu ya wachimbaji wake. Bamayo aliyechimba chikanda tangu utotoni anajua kila kinachoota katika mbuga ya kijiji chake, kwa kuwa ilimbidi ajifunze kipi asichimbe. Mgeni aliyefika Mantapala kutoka Moba au Manono ana ujuzi wake mwenyewe, na sehemu kubwa ya misitu inafanana. Lakini mbuga hii haijui. Kumwonyesha mwenyeji mmea mzima, pamoja na mizizi, majani na ua, kabla ya kuupika, hakumpunguzii mtu heshima yake.

Kwa waliokwenda mbali zaidi

Baadhi ya wasomaji wetu walipita Zambia wakaendelea hadi Ulaya, Amerika ya Kaskazini au Australia, na huko nako wanaona vitunguu kwenye nyasi. Hatari ya kuhamisha ujuzi kutoka nchi moja hadi nyingine ilionekana wazi nchini Ujerumani mwaka 2015, ambapo wakimbizi waliowasili karibuni waliugua, baadhi kwa hali mbaya sana, baada ya kula uyoga wa sumu waliodhani ni ule wa nyumbani kwao. Maonyo yalilazimika kutolewa kwa lugha kadhaa, Kiarabu kikiwamo.

Kwa upande wa vitunguu, Allium vineale huota kweli kwenye nyasi za nchi nyingi za baridi. Majani yake ni ya mviringo, yenye uwazi ndani, na hunuka. Karibu yake huweza kuota Ornithogalum umbellatum, ambayo haina harufu, ina mstari mweupe katikati ya jani, na ina glikosidi za moyo. Magharibi mwa Marekani na Kanada kuna mimea ya kundi la Zigadenus, inayofanana mno na kitunguu cha porini, isiyonuka, na inayoua. Na ule mmea wa supu wa Ulaya, Allium ursinum, kila majira ya kuchipua huchanganywa na Colchicum autumnale. Watu wamekufa kwa kosa hilo katika nchi kadhaa za Ulaya ya Kati. Sumu ya Colchicum ni kolkisini, ileile ya ua la moto la Luapula. Tena kumbuka kwamba nyasi za mjini hupuliziwa dawa za magugu, na mbwa hupita hapo kila asubuhi.

Tumbo likianza kuuma

Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria nyingi zaidi, na mwambao wa ziwa umewahi kukumbwa na kipindupindu. Kwa hiyo mtu anayetapika, anayeharisha na kuishiwa nguvu hudhaniwa kwanza kuwa na mojawapo ya magonjwa hayo, na mara nyingi dhana hiyo huwa sahihi. Lakini muuguzi hawezi kukisia kilichokuwa chunguni. Mwambie. Mwambie hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha vijidudu, kwa sababu mtu anaweza kuwa na malaria na sumu kwa wakati mmoja.

Usimlazimishe mgonjwa kutapika kwa kumtia kidole au kumnywesha maji ya chumvi. Hilo huweza kupeleka matapishi mapafuni. Usisubiri asubuhi. Nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ambacho kitaamua kama mgonjwa apelekwe Hospitali ya St. Paul’s mjini Nchelenge. Beba mmea mzima uliobaki, au maganda yaliyotupwa, umefunga kwa karatasi au jani la mgomba. Mfuko wa plastiki huuozesha haraka. Ikiwa wengine walikula kutoka chungu hicho, nao waende hata kama hawajisikii vibaya.

Taja pia saa ya chakula. Sumu ya Drimia huanza kuonekana katika saa chache, kwa kichefuchefu na mapigo ya moyo yanayopungua au kwenda ovyo. Kolkisini huanza kwa kuhara na kutapika ndani ya siku moja, kisha huweza kutulia, mgonjwa akaomba uji na kutaka kurudi nyumbani. Ni kati ya siku ya pili na ya saba ambapo figo, ini na uboho hushindwa. Anayeruhusiwa kuondoka siku ya pili kwa sababu ameacha kutapika, huku wahudumu hawajaambiwa juu ya kile kiazi cheupe chenye umbo la V, anarudi nyumbani wakati mbaya kuliko wote.